Jinsi ya kutengeneza gurudumu la maji linaloelea la kufua umeme kwenye kijito cha polepole

Maswali ni yale yale kila mara. "Kijito chetu hakina maporomoko, kinaweza kutoa umeme?" "Nitumie altaneta ya gari?" "Itaendesha friji?" Majibu ya haraka: ndiyo ila kidogo; hapana; na hapana tena. Majibu marefu ndiyo haya.

Kwanza hakikisha kwamba hiki ndicho chombo unachohitaji. Gurudumu linaloelea ni la mahali ambapo maji yanatembea lakini hayaanguki. Kama kijito chako kinashuka hata nusu mita ndani ya umbali mfupi, weka kando mwongozo huu na utafute namna ya kutumia mwanguko huo. Lita 100 za maji kwa sekunde zikianguka nusu mita zina karibu wati 490 ndani yake. Lita hizo hizo zikijitembelea kwa mita 1 kwa sekunde bila kuanguka zina wati 50. Anayeacha mwanguko na kufunga gurudumu kwenye maji tambarare anajinyima mwenyewe.

Faida ya kuelea ni moja, na ni kubwa: maji yakipanda chombo kinapanda, yakishuka kinashuka, na mapanga (mbao bapa za gurudumu zinazosukumwa na maji) yanabaki kina kile kile mwaka mzima. Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 537 Wagothi walipoizingira Roma na kukata mifereji iliyozungusha vinu vya nafaka, jemadari Belisarius alifunga magurudumu kati ya mashua kwenye mto Tiber, vinu vikaendelea kusaga. Sisi tunaondoa jiwe la kusagia na kuweka jenereta.

Utapata kiasi gani?

Nguvu ya maji yanayotembea hufuata mwendo wake mara tatu: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Ndiyo maana swali la "kijito changu ni kikubwa" halina uzito sana. Swali ni kinakwenda kasi gani. Kwa gurudumu tutakalotengeneza hapa, lenye mapanga ya upana wa mita 1 yanayozama sentimita 25, tarajia umeme wa kufika kwenye betri kama hivi:

- Mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde: wati 1 hadi 2. Usijisumbue.
- Mita 0.7: wati 4 au 5. Simu na taa moja.
- Mita 1: wati 10 hadi 15.
- Mita 1.5: wati 35 hadi 50.

Usizidharau wati 12. Kijito hakilali, kwa hiyo wati 12 kwa saa 24 ni wati-saa 288. Taa tatu za LED za wati 5 zikiwaka saa tano zinakula wati-saa 75 tu. Zinazobaki zinachaji simu kadhaa na kuendesha redio. Pasi, birika la umeme na friji visahau kabisa.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Madumu 12 ya plastiki ya lita 20, yenye vifuniko vinavyokaza
- Mbao za 2 kwa 4, za kutosha fremu ya karibu mita 2 kwa mita 1.8
- Plaiwudi isiyoharibiwa na maji: karatasi moja ya milimita 18 kwa visahani viwili vya kushikilia mapanga, na ya milimita 12 kwa mapanga
- Shafti ya chuma ya milimita 25, urefu mita 1.6, na nyingine fupi ya milimita 20
- Beringi nne zenye kikalio cha kufungia bolti: mbili za shafti kubwa, mbili za shafti fupi
- Sproketi mbili kubwa na mbili ndogo za baiskeli, pamoja na cheni zake
- Mota ya sumaku ya kudumu ya kutumia kama jenereta (hatua ya 3)
- Rektifaya (kifaa cha kugeuza umeme wa AC wa mota kuwa DC wa betri) ya fezi tatu ya ampea 35, kidhibiti chaji cha kumwaga umeme wa ziada, fyuzi, na betri ya volti 12
- Waya wa milimita za mraba 2.5 wa kufika ukingoni
- Kamba ya nailoni ya milimita 12 au nene zaidi
- Bolti, nati na washa za chuma kilichopakwa zinki, rangi ya mafuta, grisi
- Multimita. Usianze bila hiyo. Bila multimita utakuwa unabahatisha mwanzo hadi mwisho.

Kama huna mashine ya kuchomelea, peleka shafti na sproketi kwa fundi. Ni kazi ya muda mfupi, lakini ikikosewa kila kitu kitayumba.

Ulizia pia mapema kama mamlaka ya maji ya eneo lako inataka kibali cha kufunga kitu mtoni, na zungumza na wanaotumia maji hayo hayo chini yako.

Hatua ya 1: Pima mwendo wa maji

Chagua kipande cha kijito kilichonyooka. Vuta kamba mbili kutoka ukingo hadi ukingo, umbali wa mita 10 kati yake. Chukua chupa ya plastiki, ijaze maji hadi nusu ili upepo usiisukume, kisha itupe juu kidogo ya kamba ya kwanza, kwenye mstari ule ule ambao gurudumu litakaa. Hesabu sekunde kutoka kamba moja hadi nyingine. Rudia mara kadhaa na uchukue wastani.

Sekunde 10 ni mita 1 kwa sekunde. Sekunde 14 ni kama mita 0.7. Sekunde 20 ni mita 0.5.

Chupa inapima maji ya juu, ambayo ndiyo yenye kasi kuliko ya chini. Gurudumu letu nalo linafanya kazi juu, kwa hiyo usipunguze kitu.

Pima kina pia kwa fimbo. Unataka angalau sentimita 60 maji yanapokuwa machache kabisa. Na hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanapima wakati wa mvua, wanafurahi, halafu kiangazi kikifika gurudumu linasimama tuli. Pima kiangazi. Kama huwezi kusubiri, waulize wanaokaa karibu na kijito maji hufika wapi yakipungua, kisha jenga kwa kipimo hicho.

Hatua ya 2: Ongeza mwendo kama ni mdogo

Kama sekunde zako zilizidi 14, usinunue kitu chochote bado. Kwanza tafuta mahali ambapo kijito kinajibana chenyewe. Kama hakuna, kibane wewe.

Kwenye kijito chembamba, mawe au viroba vya mchanga vilivyopangwa kutoka kila ukingo kuelekea katikati vinayalazimisha maji yote yapite kwenye mlango mmoja. Mlango ukiwa nusu ya upana wa awali na kina kikabaki kile kile, mwendo unakaribia kuwa maradufu. Unaweza kudhani unajenga bwawa, lakini sivyo: kutoa maji kwenye mita 0.5 hadi mita 1 kwa sekunde kunahitaji maji yainuke upande wa juu kwa karibu sentimita 4 tu. Acha mlango uwe mpana kidogo kuliko chombo chako ili mafuriko yapate pa kupita, na viroba viwe vya kuondoleka.

Kwenye mto mpana hesabu hiyo haifanyi kazi. Mbao mbili za kuelekeza maji mfano wa faneli mbele ya gurudumu husaidia kidogo, lakini ukizipanua sana maji yanaona kizuizi na kupita pembeni. Hayana sababu ya kujibana wakati mto wote uko wazi.

Hatua ya 3: Chagua jenereta na uipime mezani

Gurudumu hili litazunguka kama mara 8 kwa dakika likiwa na mzigo, yaani likichaji betri, kwenye maji ya mita 1 kwa sekunde. Ndiyo, mara nane. Kumbuka namba hiyo, maana ndiyo inayokataa jenereta nyingi.

Altaneta ya gari inahitaji zaidi ya mizunguko elfu moja kwa dakika kabla ya kuchaji, na juu ya hapo inakula umeme wako wenyewe kuamsha sumaku yake. Kwenye wati 12 haitakuachia kitu. Usishawishike kwa sababu tu unayo moja bandani.

Inayofaa ni mota ya sumaku ya kudumu inayotoa volti nyingi kwa mizunguko michache. Mota ya gurudumu la baiskeli ya umeme, ile isiyo na gia ndani, ndiyo ninayoipendekeza. Mota ya mashine ya kufulia ambayo pipa lake linazungushwa moja kwa moja bila mkanda nayo ni nzuri. Mota ya mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba inawezekana, ila itataka gia nyingi zaidi. Kama lengo lako ni simu tu, dinamo ya habu ya baiskeli ya volti 6 na wati 3 inatosha, na mradi mzima unapungua ukubwa.

Mota ya baiskeli ya umeme ina waya tatu nene. Hizo ndizo zetu. Waya nyembamba ni za sensa, zikunje uziache. Sasa unganisha zile tatu nene pamoja, chuma kwa chuma, na uzungushe mota kwa mkono. Ikiwa nzito pande zote mbili, haina gia ndani na inafaa. Ikiwa nzito upande mmoja na nyepesi upande mwingine, ina gia na friwili (sehemu inayoshika upande mmoja tu) ndani, itakusumbua, iache.

Kisha tenganisha waya, unganisha rektifaya, weka multimita kwenye volti za DC, na uzungushe mota mzunguko mmoja kwa sekunde, yaani 60 kwa dakika. Andika volti unazoziona. Volti hupanda sawasawa na mwendo: ukisoma 7 kwa mizunguko 60, utapata 14 kwa 120.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya gia

Tunataka mota, ikipimwa bila betri, itoe kama volti 15 hadi 16 kwa mwendo ule wa gurudumu wa mara 8. Mota yenye volti 7 kwa mizunguko 60 itahitaji kama mizunguko 130. Gawa 130 kwa 8: unahitaji gia ya kama 16 kwa 1.

Uwiano huo haupatikani vizuri kwa hatua moja, kwa hiyo tunafanya mbili. Sproketi ya meno 48 kuendesha ya meno 12 ni 4 kwa 1. Rudia mara ya pili, 4 mara 4 ni 16. Ukitumia za meno 44 na 16 kwa sababu ndizo ulizonazo, utapata 7.5 tu, na betri haitachaji hata gurudumu lizunguke kwa furaha namna gani.

Sproketi ndogo zote zichomelewe zisizunguke peke yake. Ukiacha friwili ya baiskeli ilivyo na ikageukia upande usio wake, gurudumu litazunguka, utasikia mlio wa tik-tik-tik, na mota itabaki imetulia.

Hatua ya 5: Tengeneza gurudumu

Kata visahani viwili vya plaiwudi ya milimita 18, kipenyo sentimita 90. Kata mapanga manane ya milimita 12, kila moja mita 1 kwa sentimita 25. Chora mistari minane kwenye kila kisahani, nyuzi 45 kati ya mstari na mstari, na uvitoboe visahani vyote viwili vikiwa vimebanwa pamoja ili matundu yalingane.

Kila panga lishikwe na vyuma vya pembe kwenye visahani vyote viwili, sentimita 10 za ndani zikiwa juu ya kisahani na sentimita 15 zikitokeza nje. Gurudumu zima litakuwa na kipenyo cha sentimita 120.

Manane yanatosha, wakati wowote mawili au matatu yatakuwa majini. Ukiongeza hadi kumi na sita, panga la mbele linalikinga la nyuma na unabeba mbao za bure. Na tafadhali yaache yawe bapa. Kuna mtindo wa kupasua mapipa ili kupata mapanga yenye umbo la bakuli. Yanapendeza, lakini yanapotoka majini yanainua maji na kuyamwaga nyuma, na kazi hiyo ya kuinua inalipwa na umeme wako.

Paka rangi kabla ya kufunga, sio baada, na kingo za plaiwudi zipate rangi mara tatu. Plaiwudi huoza kuanzia pembeni na kwenye matundu ya bolti, kwa hiyo chovya kijiti kwenye rangi na upake ndani ya kila tundu.

Chomelea sahani ndogo ya chuma yenye matundu ya bolti kwenye shafti kwa kila kisahani, funga, kisha weka shafti juu ya vigoda viwili na uliachie gurudumu. Upande mzito utashuka chini wenyewe. Funga bolti nzito upande wa pili mpaka liweze kusimama popote unapoliacha.

Hatua ya 6: Tengeneza chombo

Panga madumu sita kila upande kwa mstari, yakiwa yamelazwa ndani ya fremu ya mbao, vifuniko vikiangalia juu. Paka silikoni kwenye nyuzi za vifuniko kabla ya kukaza. Madumu 12 yanaweza kubeba kilo 240 kabla ya kuzama. Gurudumu, fremu, jenereta na madumu yenyewe havizidi sana kilo 90, kwa hiyo chombo kitaelea kikiwa kimezama chini ya nusu. Hicho ndicho tunachotaka. Ila hakikuundwa kubeba watu, usikipande.

Kati ya mistari miwili ya madumu acha mita 1.2, ili gurudumu lenye upana wa mita 1 lipate nafasi ya sentimita 10 kila upande. Unganisha pande mbili kwa mbao mbele kabisa na nyuma kabisa, juu ya maji, zisizibe njia ya mkondo. Funga mbao za kukatisha kwenye pembe. Fremu ya mraba isiyo nazo hupinda, na ikipinda beringi zinabana.

Katikati ya kila upande simamisha nguzo fupi ya beringi. Shafti inatakiwa ikae sentimita 35 juu ya maji. Toboa matundu kadhaa ya wima kwenye nguzo ili uweze kupandisha na kushusha baadaye, kwa sababu hutajua chombo kinazama kiasi gani mpaka kiwe majini.

Kama beringi hazipatikani, vipande vya mbao ngumu vilivyolowekwa kwenye mafuta na kutobolewa tundu la shafti vinafanya kazi. Kwa mizunguko minane kwa dakika hakuna joto la kuviunguza.

Hatua ya 7: Funga gia na jenereta

Sproketi kubwa ya kwanza inakaa kwenye shafti ya gurudumu, nje ya beringi. Inaendesha sproketi ndogo kwenye shafti fupi. Shafti fupi inabeba sproketi kubwa ya pili, na hiyo inaendesha ndogo iliyo kwenye mota.

Sproketi ziwe kwenye mstari mmoja kabisa. Weka ubao ulionyooka ubavuni mwa zote mbili. Ubao uziguse zote, si moja tu. Cheni iwe na ulegevu wa kama sentimita 1 ukiibonyeza katikati. Cheni iliyokazwa kama uzi wa gitaa inakula nguvu, na wewe nguvu ya kuchezea huna. Mota ifungwe kwenye matundu marefu ili uisogeze cheni ikilegea.

Funika mota na cheni kwa dumu lililokatwa, wazi upande wa chini ili unyevu utoke. Usizibe kila mahali. Ukiziba, mvuke unanasa ndani na mota inaota kutu. Waya ushuke kwanza chini ya mota halafu ndio upande, maji yadondokee kwenye kona hiyo badala ya kuingia ndani.

Kifuniko cha cheni pia ni cha kulinda vidole. Mizunguko minane inaonekana ya kitoto, lakini mkondo unaosukuma haukasiriki wala hauchoki, na hausimami ukipiga kelele.

Hatua ya 8: Unganisha umeme

Peleka waya tatu za mota hadi ukingoni na uweke rektifaya huko, pakavu. Kutoka rektifaya nenda kwenye kidhibiti, kisha fyuzi, kisha betri. Fyuzi iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwani betri ndiyo yenye uwezo wa kuunguza waya. Jenereta yako haina.

Sasa onyo ambalo halisisitizwi vya kutosha. Kidhibiti cha kawaida cha sola hukata njia betri ikijaa. Paneli haijali, lakini gurudumu likikatiwa mzigo linaongeza kasi zaidi ya maradufu, na volti 15 zinakuwa 35 au zaidi. Vidhibiti vingi vidogo vya sola haviwezi kuvumilia hilo. Tumia kidhibiti cha kumwaga: betri ikifika volti 14.4 kinaelekeza umeme kwenye mzigo wa pembeni na gurudumu linabaki limeshikwa. Mzigo huo unaweza kuwa balbu mbili za breki za gari za volti 12 na wati 21, zikiwa mbali na kitu cha kuungua.

Betri ya ampea-saa 50 inatosha. Ikae mahali penye hewa. Ikiwa imetulia, volti 12.7 ina maana imejaa na 12.0 ina maana uache kuitumia kwanza.

Kabla ya kwenda majini, zungusha gurudumu kwa mkono na balbu ndogo ikiwa imeunganishwa. Ikikataa kuwaka nchi kavu, haitawaka mtoni.

Hatua ya 9: Funga chombo na ukishushe

Funga kamba mbili, moja kila pembe ya mbele, kila moja ikienda kwenye mti imara au nguzo iliyochimbiwa kwenye ukingo wake, mbali upande maji yanakotoka. Zifunge chini, karibu na usawa wa maji, na uziache ndefu ili chombo kipande na maji. Kamba fupi wakati wa mafuriko huvuta pua ya chombo chini ya maji, na ikishaingia haitoki.

Ongeza kamba ya tatu, iliyolegea, kutoka kona moja ya mbele hadi ukingo mmoja. Hiyo haifanyi kazi yoyote siku za kawaida. Siku kamba kuu zikikatika, chombo kinajizungusha hadi ukingoni badala ya kwenda safari.

Mbele ya chombo funga gogo linaloelea kwa mshazari ili matawi na magugu yateleze pembeni. Siku ya kushusha nendeni wawili au zaidi, gurudumu likiwa limefungwa kamba lisizunguke, na mwenye kuingia majini avae boya la kuokolea. Usijifunge kamba ya chombo mwilini. Kama maji ya kwenu yana mamba au kichocho, fanya kila kitu ukiwa ukingoni kwa kuvuta kamba. Mkiona mawingu mazito kule mto unakotoka, ahirisheni.

Hatua ya 10: Rekebisha

Paka panga moja rangi nyeupe uweze kuhesabu. Bila mzigo, hesabu mizunguko kwa dakika. Unganisha betri, hesabu tena. Ukipata kati ya asilimia 40 na 50 ya hesabu ya kwanza, uko pazuri. Ukipata zaidi sana, gia ni ndogo. Ukipata kidogo sana, gia ni kubwa. Kisha jaribu kushusha shafti tundu moja, usome ampea, pandisha, usome tena. Dakika hizi za mwisho mara nyingi zinaongeza umeme kuliko wiki nzima ya seremala.

Chombo kikiegemea upande mmoja kwa uzito wa mota, tia maji kidogo kwenye dumu la kona ya upande wa pili.

Matatizo yanayojitokeza

*Gurudumu linazunguka vizuri, betri haichaji.* Pima volti kabla ya betri. Zikiwa chini ya 13, gia haitoshi: badilisha sproketi ndogo ya pili kwanza, ndiyo rahisi. Zikiwa sifuri, kagua kama kuna waya uliokatika, au friwili uliyosahau kuchomelea.

*Linasimama mara tu ukiunganisha betri.* Gia imezidi mwendo wa maji yako. Punguza. Ikisimama hata bila betri, geuza shafti kwa mkono. Huenda fremu imepinda na beringi zinabana, au kuna waya mbili za mota zinagusana.

*Linakwenda kwa kushtukashtuka.* Panga moja limelegea au gurudumu halina uwiano. Mishtuko midogo, ya mara nane kwa kila mzunguko, ni mapanga yanayopiga maji yakiingia. Hiyo ni kawaida.

*Lilikuwa zuri, sasa umeme umepungua.* Magugu kwenye shafti, nyasi zilizojikunja kwenye mapanga, au kijito kimepungua. Pima mwendo tena kwa chupa kabla hujafungua kitu. Mwendo ukishuka kutoka mita 1 hadi 0.8, umeme unashuka karibu nusu na hakuna kilichoharibika.

*Upande mmoja unazama polepole.* Dumu linavuja, karibu kila mara kwenye kifuniko. Usilizibie majini, vuta chombo ukingoni, toa maji, badilisha kifuniko. Wengine huyajaza madumu chupa tupu za plastiki zilizofungwa ili hata likitoboka lisijae maji, na hiyo ni bima ya bei rahisi.

*Mafuriko yanakuja.* Ukiwahi, funga gurudumu lisizunguke, legeza kamba ya ukingo mmoja na uvute chombo hadi ukingo wa pili. Usipowahi, kaa mbali nacho. Mbao na madumu vinapatikana tena.